Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Duka Chini, Watoto Juu

Ndugu wanachama mafundi umeme, wazee wetu wa kazi, na vijana mliojiunga mwaka huu, salamu.

Hesabu atazisoma mhazini, mimi sizigusi. Mikutano ilifanyika, ada zimekuja kwa kusuasua kama kawaida, na wanaodaiwa wanajijua. Muda wangu nautumia kwa jambo moja lililotusumbua mwaka mzima hapa Busia, upande wa Uganda: majengo yenye biashara chini na familia juu.

Sisi tumezoea kuyaita nyumba. Mwenye nyumba anakupigia simu, "Fundi, njoo unipitishie waya kidogo," nawe unapitisha. Lakini ukiingia unakuta kinyozi, mama wa samaki mwenye friza mbili, na kijana anayechomelea milango uani, wote wakinyonya kutoka meni swichi moja iliyofungwa siku zile jengo lilipokuwa na balbu sita na redio. Juu yao wanalala watoto, na ngazi ya kushukia inapita nyuma ya duka. Hilo si nyumba, na ukilifanyia kazi kama nyumba umekosea kabla hujafungua mkoba.

Mmoja wetu, ambaye jina namhifadhia ingawa naona ameshaanza kucheka, aliitwa kubadilisha taa juu kwa mpangaji. Akazima swichi kuu ya juu, akapima laivu, waya unaoleta umeme, kimya. Akaachanisha nyutro, waya unaourudisha. Ikamtupa. Yule fundi aliyemtangulia alikosa nyutro karibu alipokuwa akifunga taa za dukani, akaazima ya juu. Duka lilikuwa wazi, taa zinawaka, na mkondo wake wote ulikuwa ukirudi kupitia waya ambao mwenzetu aliamini umekufa. Alipoufungua tu, ncha ya upande wa taa za duka ikabaki na volti 240 zinazotafuta njia, na njia ikawa mkono wake.

Nyutro ya kuazima haionekani kwa macho. Balbu zinawaka, mteja analipa, unaondoka. Dalili yake ni swichi ya kinga ya miliampia 30, ile ya kukata umeme unaovuja, inayoruka kila mara bila sababu, kwa kuwa mkondo uliotoka kwake haurudi kwake. Mafundi wengi tukiiona inaruka tunasema imeharibika, tunaing'oa na kuunganisha moja kwa moja. Mara nyingi ilikuwa inasema kweli. Kwa hiyo tulikubaliana mwezi wa Mei, na narudia kwa waliokosa: kila mpangaji na bodi yake ya swichi, kila saketi na nyutro yake kwenye bodi ileile, na jina liandikwe kwenye mlango wa bodi kwa rangi isiyofutika. Ethi, waya wa kwenda ardhini, ndiyo jengo zima hushirikiana. Na kabla ya kushika, pima nyutro pia, siyo laivu peke yake.

Mita nayo ni hivyohivyo. Mpangaji wa juu akifungwa kwenye mita ya duka analipa bei ya biashara, na zile yuniti 15 za kwanza za bei nafuu ambazo mteja wa nyumbani hupewa kila mwezi zinampita. Tukimweleza mwenye nyumba habari za usalama anapiga miayo. Tukiwaeleza wapangaji habari za pesa, mita ya pili inaombwa wiki hiyohiyo. Sioni aibu kutumia mlango huo.

Kuhusu vibali. Chini ya Sheria ya Umeme ya 1999, kibali cha kufunga nyaya hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, na kina daraja. Daraja lako ndilo mpaka wa kazi yako. Aliyeruhusiwa kazi ndogo za nyumbani asiweke sahihi kwenye cheti cha jengo lenye mashine za kuchomelea eti kwa sababu juu kuna vyumba vya kulala. Amwite mwenye daraja kubwa, wagawane malipo. Na ndugu zetu wa ng'ambo ya pili, leseni ya EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya, haivuki mpaka hata kama wewe mwenyewe unavuka mara tatu kwa siku kunywa chai. Volti ni zilezile 240, sahihi siyo ileile.

Tarehe 1 Aprili usambazaji wa umeme ulitoka kwa kampuni iliyoitwa Umeme ukaenda UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya miaka 20. Kwetu wasema Kiswahili imekuwa nafuu ya namna yake: sasa ukisema umeme umekatika, hakuna anayeuliza ni nguvu au ni kampuni. Kazi yetu haikubadilika. Kuanzia kwenye mita kuingia ndani bado ni jina la fundi.

Waya bandia bado zipo madukani. Waya ya nyuzi ya milimita 2.5 za mraba ina nyuzi 7, kila moja unene wa milimita 0.67. Kata kipande, hesabu, pima, kisha kwaruza: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyovalishwa shaba, irudishe. Mteja akileta yake mwenyewe, kataa.

Jenereta nitaitaja kwa ufupi kwa sababu nimechoka kuitaja. Hakuna kurudisha umeme kupitia soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Funga chenjova, swichi inayochagua ama laini ama jenereta, visikutane. Yule anayepanda nguzo akidhani laini imezimwa ni fundi mwenzako.

Mwisho ni kile kipimio cha insulesheni, ganda la waya linalozuia umeme kuvuja, tulichokinunua kwa michango. Kinapima kwa volti 500, na saketi ikisoma chini ya megaohm 1 haiwashwi, hata mwenye nyumba akilia. Kilikuwa kizunguke kwa zamu, lakini tangu Septemba kimekaa kwa mtu mmoja. Naomba kifike kwa katibu kabla ya Ijumaa kikiwa na betri zake, kwani Jumamosi kuna jengo la ghorofa mbili karibu na soko linatusubiri, na tumeahidi kufika saa mbili asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa.