Mmemfufua Scofield kabla hatujamzika

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUKOSEKANA KWA THE FINAL BREAK

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha mwezi cha kutazama tamthilia, na mpenzi wa Prison Break, ile tamthilia ya Kimarekani ya Michael Scofield anayemtorosha kaka yake Lincoln gerezani, tangu enzi za kuazima CD kibandani, diski ikigoma tunaipangusa kwa fulana na kuirudisha. Mlipoiweka yote, kuanzia msimu wa kwanza wa 2005 hadi wa tano wa 2017, nilimwita mpwa wangu wa miaka 16 tuanze pamoja, episodi moja kila usiku baada ya chakula.

Msimu wa nne ukaisha kwa kaburi la Michael. Inayofuata katika orodha yenu ni episodi ya kwanza ya msimu wa tano: Lincoln anafukua kaburi hilohilo na kukuta nguo tupu. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwani alikufaje?"

Jibu limo katika The Final Break, zile episodi mbili za 2009. Sara, mchumba wa Michael, anakamatwa siku ya harusi yao, ana mimba, na Michael anagusanisha nyaya za umeme akijua zitamuua, ili mlango wa gereza ufunguke mkewe atoke. Hizo hamkuziweka. Mpwa wangu anadhani Michael aliuawa na ule ugonjwa wake wa kichwa tu, maana alichokiona mwisho ni damu puani mwake.

Nimepiga simu mara mbili. Mhudumu wenu, kwa upole kabisa, alinijibu kwamba misimu yote mitano ipo. Ipo, lakini kifo chenyewe hakipo.

Niseme wazi kwamba msimu wa tano unanigawa moyo. Mwaka 2017 nilipomwona Michael ndani ya gereza la Ogygia kule Sana'a, Yemen, michoro mipya mikononi, akimkana ndugu yake na kujiita Kaniel Outis, nilisimama wima. Dada yangu alilia kwa furaha, na mpaka leo hataki kusikia neno baya. Mimi furaha yangu haikufika mbali. Msimu wa kwanza ulitumia karibu episodi zote 22 kumtoa Lincoln katika gereza la Fox River, mpaka tukaijua kila skrubu na kila bomba. Huu wa tano una 9 tu: mara Yemen, mara Marekani, mara Jacob, mume mpya wa Sara, kumbe ndiye Poseidon, adui mkuu. Mahone, yule mpelelezi wa FBI aliyewasaka, haonekani kabisa. Jirani yetu mwenye asili ya Hadhramaut alikereka zaidi, kwa kuwa Yemen yenyewe ilipigiwa picha Morocco na kazi yake humo ilikuwa vita tu. Bado, T-Bag, yule mfungwa aliyekatwa mkono, alipopata mkono mpya nilifurahi kama mtoto.

Lakini ubishi huu ni wa mtu aliyemwona Michael akifa. Kama kurudi kwake kumeishusha thamani sadaka ile, au kumetulipa machozi yetu, hawezi kulipima mtu ambaye sadaka yenyewe hakuiona. Mmempa mpwa wangu ufufuo mkamnyima msiba.

Jambo la pili ni lile tangazo kubwa mnapofungua programu yenu: sura ya Michael na maneno "Yu hai". Tulikuwa msimu wa pili mpwa wangu alipoliona.

Sidai fedha. Naomba The Final Break iwekwe kati ya msimu wa nne na wa tano. Kama hamna haki ya kuionyesha, andikeni chini ya episodi ya mwisho ya msimu wa nne kwamba hadithi inaendelea huko, mtu aitafute mwenyewe kabla hajasonga. Na tangazo lile liondolewe.

Mpwa wangu nimemsimamisha hapo kaburini. Kila usiku ananiuliza kama mmejibu.

Wenu,
Mteja, Tanga