KUH: Taa iliyoingia maji na braketi iliyovunjwa kaunteni kwenu

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Tawi la Nakuru.

Bwana/Bi Meneja,

Pokea salamu zangu. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii uisome mwenyewe mpaka mwisho. Usiikabidhi kwa fundi wa kaunta, kwa sababu yeye ndiye ninayemlalamikia.

Masharti ya dhamana mnayajua, mliyaandika nyinyi. Kati ya taa mbili za pikipiki nilizonunua kwenu, ya kulia imeingia maji na dhamana haijaisha. Lakini Jumanne, badala ya kuifungua taa, fundi wenu aliichukua braketi yangu, yaani chuma kinachoshikilia taa, akaibana kwenye jiliwa, akaipiga nyundo huku na huku hadi ikakatika. Kisha akakiinua kipande mbele ya wateja na kusema, "Mnaona? Chuma cha jiko." Akaandika kwenye fomu kwamba dhamana imefutwa kwa sababu ya "braketi dhaifu ya kujitengenezea". Taa yenyewe haikuguswa.

Basi tuiongelee hiyo braketi, maana ndiyo mnayojifichia.

Ilikatwa kutoka chuma bapa cha upana wa milimita 30 na unene wa milimita 4. Alumini ingekuwa nyepesi na isingeshika kutu, lakini injini ya silinda moja hutetema bila kupumzika, na alumini huchoka kidogo kidogo hata ikibeba mzigo mwepesi, mwishowe hupasuka penye mkunjo. Chuma laini huvumilia mtetemo huo mradi kisikunjwe kwa kona kali. Hiki kilikunjwa kwa kuzungushiwa bomba dogo, kona ikabaki na mviringo kwa ndani. Mkono wake ulikuwa milimita 60 tu, kwa sababu kadiri mkono unavyorefuka ndivyo taa inavyocheza na ndivyo mkunjo unavyoumia. Tundu la bolti ya M8 (unene wa milimita 8) lilitobolewa kwa drili ya milimita 8.5, katikati kabisa, pakabaki zaidi ya milimita 10 za chuma kila upande. Kingo za tundu zilisuguliwa kwa tupa, kwani ufa hupenda kuanzia kwenye ncha zinazoachwa na drili. Kwenye bomba la gadi, ile fremu ya kulinda pikipiki ikianguka, ilishikwa kwa klampu ya vipande viwili, bolti mbili za M6 na nati za kujikaza, na kipande cha tyubu kuukuu katikati ili isiteleze wala kuchubua rangi. Ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha nyeusi juu yake.

Fundi wenu alidai pia kwamba "umeme ulizidi". Taa mbili za wati 20 kwenye volti 12 hula kama ampea 3.3. Zilifungwa kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme: pini ya 30 inatoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 5, ya 87 inaenda kwenye taa, ya 86 kwenye swichi, ya 85 kwenye ethi. Fyuzi haijaungua. Na kwenye boksi lenu mmeandika kwamba taa inakubali volti 10 hadi 30. Pikipiki ikichaji vizuri haifiki hata 15.

Anayetaka kujua kama taa imeuawa na braketi hahitaji nyundo. Braketi ikilegea, tundu la bolti hupanuka likawa kama yai, mguu wa taa hupata ufa, na taa humetameta pikipiki ikipita kwenye mashimo kwa kuwa lehemu imeachia. Yote hayo hayapo. Kilichopo ni matone nyuma ya kioo, na chini kabisa, pale maji yanapotuama, lehemu imeota ukijani. Unaonekana kwa macho bila kufungua kitu. Ukijani huo ni shaba inayoliwa na unyevu. Maji hupita kwenye mpira wa kuziba kioo au pale waya unapoingia, na sehemu zote mbili mlizifunga nyinyi kiwandani. Mmeandika IP67, yaani taa ikae ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 na isipitishe. Mvua na ukungu wa Mau Summit ni kidogo sana kuliko hapo. Na taa ya kushoto? Braketi ya chuma kilekile, bolti zilezile, barabara ileile. Ni kavu.

Isitoshe, muuzaji wenu ndiye aliyesema kifurushi hakina braketi ya gadi, "nenda jua kali wakutengenezee". Mngesema siku hiyo kwamba jua kali inafuta dhamana!

Narudi kwa ile Jumanne, kwa sababu haijanitoka. Hakuuliza. Alichukua spana namba 10, akafungua nati, moja ikaanguka chini ya kaunta na hakuiokota. Meno ya jiliwa yakang'ata rangi. Akagonga mpaka mkunjo ukanyooka, braketi isikatike. Akaurudisha, isikatike. Akaendelea kwa hasira, huku na huku, hadi mstari mweupe ukatokea penye mkunjo, ndipo ikaachia. Chuma chochote cha unene ule kitakatika kikifanyiwa hivyo, hata zile braketi mnazouza ukutani. Watu wakacheka. Akatupa kipande kaunteni na kusema, "Mzee, mpelekee aliyekudanganya." Hiyo ni mali yangu ilivunjwa ndani ya duka lenu, na mfanyakazi wenu, mchana peupe.

Nilipokuja siku ile nilitaka taa moja tu. Sasa nataka taa mbili, kwa sababu mpya na ya zamani hazitoi mwanga wa rangi moja. Nataka mlipe chuma, bolti na kazi ya fundi aliyetengeneza braketi. Nataka neno "dhaifu" lifutwe kwenye fomu kwa maandishi na fundi wenu aombe radhi pale pale kaunteni. Na kama taa za aina hii hamna tena, msinipe nyingine. Nirudishieni pesa zote.

Nawapa siku saba. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kufidiwa akipata hasara, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 ipo. Siku ya nane nitakuwa Mahakama ya Madai Madogo hapa Nakuru, ambako sihitaji wakili, na nitadai pia gharama za kwenda na kurudi. Nitakuja na taa ikiwa haijafunguliwa, vipande viwili vya braketi, na braketi ya kushoto ambayo bado ni nzima, ili ipimwe mbele ya hakimu. Steji zote za boda kutoka Section 58 hadi Salgaa zitapata nakala ya barua hii.

Nambari ya risiti na ya simu ziko kwenye fomu mliyofutia dhamana.

Wako,
Mteja

Nakala: Mamlaka ya Ushindani ya Kenya