Barua kutoka Mang'ula

Mang'ula, Kilombero
Ijumaa, baada ya magharibi

Shoga yangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye basi, tunakata Mikumi kuja huku. Unauliza mdogo wako aombe usimamizi wa wanyamapori chuoni kwetu SUA, au asome uhasibu kama baba anavyotaka. Sikutaka kukujibu juujuu. Sasa nina wiki ya tatu fildi kwenye Milima ya Udzungwa, nina la kukuambia.

Darasani Morogoro transekti, yaani kuhesabu wanyama ukitembea kwenye mstari ulionyooka, niliifaulu bila kuielewa. Huku nimeielewa kwa miguu. Mnaingia msituni saa moja asubuhi, mnatembea kimya kama kilomita moja kwa saa, na ukiona kima unapima yuko umbali gani kutoka kwenye mstari. Wa mbali wengi wanakupita usiwaone. Ule umbali ndio unaokuwezesha kukadiria umewakosa wangapi. Siafu wamekupanda mpaka magotini na bado huruhusiwi kupiga kelele.

Jumanne mzee tunayetembea naye, mzaliwa wa kijiji cha Sanje, alinishika bega. Mimi nilikuwa nasikia maji ya mto tu. Akanong'ona, "Ngolaga." Tukasubiri. Mara wakatokea, na hawakuwa juu ya miti, walikuwa chini kabisa: mgongo wa kijivu, kifua cha rangi ya chungwa, wanafunua majani makavu kwa vidole, moja moja, kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Jike mmoja aliyebeba mtoto tumboni alikaa, akatia mbegu mdomoni. Shoga, niliisikia ikipasuka! Daftari liko mkononi na nikasahau kuandika.

Huyo ndiye mangabei wa Sanje, aina ya kima. Duniani kote yupo kwenye milima hii tu. Vitabu vyetu vinasema aligunduliwa mwaka 1979, ila kisa chenyewe ni kwamba watafiti walisikia sauti wasiyoijua, na aliyewaambia ni ya mnyama gani ni msaidizi wao, Langson Kisoma. Wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Hata kipunji, kima mwingine wa Mlima Rungwe, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, jina lake limetoka kwa Wanyakyusa. Mimi nilikuja nikijua jina la Kilatini la ngolaga, lakini sauti yake siijui.

Ila kilichoninyima usingizi si kima. Mpaka mwaka 2011 wanakijiji waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu, kisha ruhusa ikaisha. Sababu naielewa, maana msitu ulikuwa unaumia. Lakini upande wa pili wa barabara ni miwa na mpunga, kuni za bure hazipo. Mama tunayekula kwake hununua mkaa, na zikikosekana hela anaokota vijiti kandokando ya reli ya TAZARA. Juzi akinipakulia wali aliniuliza, "Mwanangu, hao ngolaga mkishawahesabu, sisi mnatuhesabia wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule ule nikamwandikia msimamizi wangu kuomba nibadilishe mada ya utafiti. Nataka kujua kaya ngapi zina majiko banifu, nani amepanda miti ya kuni, na waliopanda inawatosha kwa miezi mingapi. Amekubali, mradi transekti zangu nizimalize.

Kwa hiyo mdogo wako aombe, lakini umuulize kwanza kama anapenda kukaa na watu. Wanaodhani wanakuja kuishi na tembo tu huwa wanaondoka na kinyongo. Na hesabu asiziache, baba atafurahi kusikia ziko nyingi.

Ukipata mtu anayekuja Ifakara, nitumie soksi ndefu pea mbili, zile nene za mpira wa miguu. Siafu hawa hawana huruma. Wasalimie wote nyumbani, shikamoo yangu kwa mama.

Shoga yako wa siku zote