Risala ya Kikundi cha Filamu na Maigizo kwa Mgeni Rasmi, Usiku wa Onyesho la Mtu Mmoja, Mombasa

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu wa mtaa, walimu, wazazi na wasanii wenzetu, assalaam aleikum na habari za jioni.

Kwa niaba ya wanachama wote, tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu. Karibu sana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, onyesho utakaloliona punde lina mchezaji mmoja tu. Ni mwelekezi wetu, mzee aliyetufunza kushika kamera. Atasimama peke yake na kutusimulia, kwa vichekesho, jinsi alivyotengeneza filamu zake katika vichochoro vya Mji wa Kale na ng'ambo ya Likoni. Jukwaani kuna kiti, meza ndogo, maikrofoni, na ile kamera yake ya zamani iliyofungwa kamba ya katani mahali pa ukanda wa begani.

Wapo waliotuuliza mtu wa filamu atafanya nini jukwaani bila filamu. Mfano tuliupata mbali. John Waters ni mwelekezi wa Marekani, mzaliwa wa Baltimore, 1946, aliyeanza angali mtoto kwa kuchezesha vikaragosi kwenye sherehe za watoto wenzake. Filamu zake za mwanzo alizipiga mjini kwao kwa pesa kidogo, marafiki zake ndio waigizaji. Ile ya 1972, Pink Flamingos, ilionyeshwa New York saa sita za usiku, ikapata watu wanaoirudia tena na tena, ingawa wengine iliwachefua. Tuseme wazi: sehemu kubwa ya kazi hiyo haifai kuletwa mbele ya wazee wetu, wala hatuna nia hiyo. Tulichojifunza ni njia yake. Alipozunguka vyuoni na filamu zake alipanda jukwaani mwenyewe kuzitambulisha, na mazungumzo hayo yakakua hadi yakawa onyesho kamili la mtu mmoja, This Filthy World, ambalo nalo lilitolewa kama filamu mwaka 2006. Na ana ya kusimulia! Kwa filamu yake ya 1981, Polyester, watazamaji waligawiwa kadi za kukwaruza ili wanuse kile wanachokiona. Hairspray, ya 1988, inayohusu vijana weusi na weupe waliotenganishwa katika kipindi cha dansi cha televisheni, iligeuzwa mchezo wa muziki katika majumba ya maigizo ya Broadway, New York, mwaka 2002, ukatwaa tuzo 8 za Tony, tuzo za michezo ya jukwaani, mwaka uliofuata.

Filamu zake zipo, anayetaka atazitazama. Za mwelekezi wetu nyingi hazipo tena, na hapo ndipo tunapoumia. Joto na unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya kanda za video. Ukiiweka kanda kwenye mashine, picha inakatika, sauti inazama, mara utepe umeliwa. Kijana wa leo hayajui hata majumba ya sinema ya Naaz na Regal alikojifunzia mzee huyu kutazama. Kilichosalia ni maneno yake, na ndiyo maana tukamwomba asimame.

Atawasimulia, kwa mfano, siku alipopiga tukio la harusi uani kwa jirani. Ngoma ilipolia, kina mama wa mtaa wakaingia na vigelegele, wamevaa, wametia udi, wakiamini kuna harusi kweli. Bibi mmoja akakaa kitako karibu na bwana harusi wa kuigiza, akasema haondoki bila biriani. Mwelekezi hakuzima kamera. Alimtuma kijana mkahawani na pesa za nauli za waigizaji, sahani ikaja, bibi akala mbele ya kamera, na filamu ilipotoka yeye ndiye aliyependwa kuliko wote. Waigizaji walirudi makwao kwa miguu. Kanda hiyo imeharibika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunayo maombi. Kubwa kuliko yote ni msaada wa kuhamisha kanda zilizobaki: mashine nzuri ya kuchezea VHS, kompyuta, na fundi wa kutuonyesha namna ya kusafisha ukungu bila kuchana utepe. Kazi hii haiwezi kungoja masika mengine mawili matatu. Pili, kodi ya ukumbi inatulemea. Tunaomba walau jioni moja kila mwezi katika ukumbi wa umma. Tatu, kupiga filamu kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222. Hatuikatai sheria. Tunaomba afisa wa kutuelekeza hapa hapa Mombasa, kwani vikundi vidogo hukata tamaa mlangoni.

Tunaomba pia ukae hadi mwisho, kwani mzee ametuahidi atakuonyesha dakika chache zilizookolewa kutoka kanda ya mwisho.

Ahsante sana.

Katibu, kwa niaba ya kikundi.