Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Coastal Union: tunajenga au tunauza?

Kwako Mwenyekiti,
Klabu ya Coastal Union,
Tanga.

YAH: MSIMU WA 2025/26

Salaam aleikum, Mwenyekiti wangu.

Nakuandikia kwa sababu kijiweni kwetu Ngamiani watu wamegawanyika na hakuna wa kuwaamua. Tangu ligi iishe mwezi Juni ubishi ni mmoja, asubuhi hadi usiku. Wapo wanaosema Coastal ya msimu ujao inarudi nne bora. Wapo wanaosema tumshukuru Mungu tukibaki tu Ligi Kuu. Juzi kijana mmoja wa bodaboda alifungua msimamo kwenye simu akaanza kuusoma kwa sauti, timu moja moja, mpaka mzee aliyekuwa anamalizia kahawa yake akamkatisha: "Zima hiyo. Msimamo wa msimu uliopita haufungi goli." Watu wakacheka, kijana akairudisha simu mfukoni, na kashata hazijaisha kwenye sahani ubishi ukaanza upya.

Nimewasikiliza wote, na kwa maoni yangu wote wanabishania kitu ambacho hawawezi kukijua. Hatujui nani anabaki na nani anaondoka. Hatujui fedha ya atakayeondoka itanunua nini. Mara nyingi habari za mchezaji wetu tunazisikia kwanza kwa wanaomnunua. Unakumbuka ya Lameck Lawi, Juni 2024: Simba wakamtangaza kuwa wao, klabu yetu ikasema biashara imevunjika, suala likaenda hadi TFF, shirikisho la soka nchini, na sisi mashabiki tukabaki tunasoma matangazo ya pande mbili kama watoto wa wazazi waliogombana. Sitaki kuingia katika nani alikuwa na haki pale, wanasheria walishalizungumza. Ninachotaka kusema ni kwamba siku zile zingekuwa nyepesi kidogo kama klabu ingekuwa imeshatuambia mapema: huyu tunamuuza, kwa sababu hizi, na nafasi yake tunaijaza hivi.

Usinielewe vibaya, Mwenyekiti. Sisemi msiuze. Klabu isiyo na tajiri inaishi kwa kuuza, na Tanga haijawahi kukosa vijana wa kuuza. Bakari Mwamnyeto aliondoka hapa 2020 akaenda Yanga, akawa nahodha wa mabingwa. Mwaka ule ule Ibrahim Ame akaenda Simba, kwa maana hiyo mabeki wetu wawili wa kati walitoka katika dirisha moja la usajili. Ilipofika Julai 2022 tukacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini na Yanga pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mechi ile hakuna mtu wa Tanga atakayeisahau: 3-3 baada ya dakika 120, mabao yote matatu ya kwetu kafunga Abdul Suleiman, Sopu wetu, halafu tukafa kwenye penalti. Kabla hata maumivu hayajatulia, Sopu yuko Azam. Septemba mwaka huo huo Simba wakaja kumchukua na kocha, Juma Mgunda, mchezaji wetu wa zamani na mtoto wa nyumbani. Timu iliyokuwa penalti chache tu kutoka kwenye kombe, ndani ya miezi mitatu ikawa haina mfungaji wala mwalimu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Kuuza si tatizo. Tatizo ni kwamba kila tukiuza tunarudi sifuri. Ukimuuza beki kwa bei nzuri halafu msimu unaofuata unatafuta mabeki watatu wa bure mwezi Agosti, hukufanya biashara, umelipa madeni tu. Mashabiki tunaelewa madeni, wengi wetu tuna ya kwetu. Lakini tuambiwe.

Sasa turudi kwenye hiyo nne bora inayotuvuruga akili. Msimu wa 2023/24 tuliumaliza nafasi ya nne na mji mzima ukalala macho. Mimi mwenyewe nilishangilia. Ila tuzitazame namba bila ushabiki: Yanga walikuwa na pointi 80, Azam na Simba 69 kila mmoja, sisi 43. Kati yetu na nafasi ya tatu kulikuwa na pointi 26. Hiyo si timu ya nne iliyokuwa inawapumulia watatu wa juu, ni timu iliyokuwa bora kidogo kuliko wengine waliobaki. Na ubora wetu ulikuwa nyuma. Ley Matampi alikuwa kwenye milingoti akatwaa tuzo ya kipa bora wa ligi, mbele yake ukuta ukakaa imara, na mechi nyingi tuliziua kwa bao moja au kwa suluhu. Msimu huo tuliuanza vibaya chini ya Mwinyi Zahera, akaondoka, David Ouma akaja kutoka Kenya akawapanga vijana wakae nyuma kwa nidhamu. Ilifanya kazi. Lakini timu inayoishi kwa kutofungwa ikipoteza beki mmoja tu, inabaki na nini?

Jibu tulilipata Agosti 2024, na tulilipata haraka. Tukaenda Zanzibar kwenye Ngao ya Jamii, michuano ya kufungua msimu, Azam wakatupiga 5-2. Siku chache baadaye Simba wakatufunga 1-0 kwenye mechi ya mshindi wa tatu. Kisha Kombe la Shirikisho la Afrika, jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatujaliona kwa macho yetu tangu tuanze kuipenda timu hii. Angola tukafungwa 3-0 na Bravos do Maquis, marudiano tukatoka suluhu Chamazi, safari ikaishia hapo. Ouma naye akaondoka. Mwezi mmoja ukala kazi ya msimu mzima, na tangu hapo tumekuwa timu ya katikati ya msimamo inayoangalia chini zaidi kuliko juu. Nafasi ile ya nne msimu wa 2024/25 ilichukuliwa na Singida Black Stars, ambao hawakuipata kwa kuwauza mabeki wao.

Wazee wa kijiweni wanakimbilia 1988. Kila ubishi ukiwashinda wanautoa ubingwa ule kama mtu anayetoa kitambulisho polisi. Ni haki yao, waliuona. Mimi naukumbuka zaidi msimu wa 2015/16, ambao siku hizi hakuna anayependa kuutaja. Tanga tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: sisi, African Sports, na JKT Mgambo. Zote tatu zikashuka pamoja. Mkoa mzima! Tulikaa nje mpaka ligi ilipopanuliwa kuwa na timu 20 ndipo tukarudi msimu wa 2018/19, na kwa furaha ya kurudi tukamsajili hata Ali Kiba. (Ilikuwa raha, nakiri, na jezi ziliuzika.) Kwa hiyo mtu akiniambia Coastal haiwezi kushuka kwa sababu ni klabu kongwe ya tangu 1948, namwonyesha Kagera Sugar, walioshuka juzi tu hapa. Namwonyesha Mtibwa, mabingwa wa 1999 na 2000, walioshuka 2024 na sasa wanarudi wakiwa na njaa. Ukongwe hauna pointi.

Kuna jambo la Mkwakwani pia, na hili naomba ulisome polepole.

Msimu uliopita mechi zetu za nyumbani na Yanga na Simba zilichezwa Arusha. Nyumbani, Arusha! Mtu wa Tanga aliyetaka kuiona timu yake "nyumbani" alipanda basi hadi Segera, akakunja kulia kwa Korogwe, Mombo, Same, Moshi, zaidi ya kilomita 400, halafu akakuta jukwaa limejaa mashabiki wa wageni ambao wao wanakaa pale pale mjini. Mechi ya Oktoba na Yanga tukapoteza 1-0. Ile ya tarehe 1 Machi na Simba niliiangalia kibandaumiza, tumebanana kwenye mabenchi, na Mkwakwani yenyewe ni mwendo wa miguu kutoka pale tulipokaa. Steven Mukwala akafunga la kwanza, akafunga la pili, akafunga la tatu. Kwenye la tatu mwenye kibanda alipunguza sauti bila kuombwa na mtu. Jamaa aliyekuwa pembeni yangu, ambaye huwa hakosi tiketi Simba wakija Tanga, akaniuliza: "Hawa wangekuja hapa Mkwakwani, na jua hili, na sisi tupo, wangefunga tatu?" Pengine wangefunga. Lakini tungekuwepo.

Najua uwanja si mali ya klabu, ni wa CCM, na najua ukarabati na masharti ya leseni za viwanja si jambo la mwenyekiti kuamka asubuhi akaliamua. Hata hivyo wewe ndiye mwenye sauti ya kwenda kwa wenye uwanja, kwa mkoa na kwa Bodi ya Ligi, na kuuliza kwa niaba yetu. Mapato ya mlangoni ya mechi za Simba na Yanga ndiyo makubwa kuliko ya mechi nyingine yoyote tunayocheza, na hayo tuliyapeleka mkoa mwingine, wakauza maji, chipsi na vyumba vya kulala wao. Mama anayeuza karanga getini Mkwakwani hapati mgawo wa haki za matangazo. Azam Media walisaini 2021 mkataba wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, na ni jambo jema kwa ligi, ila fedha ya televisheni inakuja hata tukicheza mwezini. Ya mlangoni inakuja tukicheza kwetu. Kwa hiyo kabla hujamtangaza mshambuliaji yeyote, tutangazie kwanza: mechi zote 15 za nyumbani zitachezwa wapi?

Kuhusu mshambuliaji, tunamhitaji, na kila mtu anajua. Naomba tu asiwe yule wa kuletwa siku ya mwisho ya dirisha akiwa na video ya dakika tatu na goti bovu. Kuna vijana hapa. Nenda Makorora au Mikanjuni jioni ukaangalie, wapo wanaocheza pekupeku kwenye mchanga na mpira unawatii. Mwamnyeto hakutoka mbinguni. Wapeni wawili watatu mikataba ya maana, ya miaka mitatu au minne, wapate muda kabla wakubwa hawajaja kuwabeba. Wakija, bei itakuwa ya kwetu kuipanga.

Na mwalimu, yeyote mtakayemkabidhi benchi, mwacheni amalize. Zahera, Ouma, kisha Juma Mwambusi. Kila mmoja alikuja na mpira wake, wachezaji wakaanza darasa upya. Wanaopiga kelele za kocha aondoke baada ya sare mbili ni sisi, nalijua hilo. Kazi yako wakati ule ni kutotusikiliza.

Ninachokuomba, basi, ni kidogo. Kabla ya mechi ya kwanza ya ligi, itisha mkutano na wanachama na mashabiki, si lazima ukumbini, hata pale klabuni tukikaa kwenye mikeka. Njoo na karatasi moja. Tusomee nani wapo chini ya mkataba na hadi lini, nani mnapanga kumuuza na asilimia ngapi ya fedha hiyo itarudi kwenye kikosi, uwanja ni upi, na lengo la msimu ni lipi. Ukisema lengo ni kumaliza ndani ya kumi bora huku mkiwalea vijana, sitakuzomea. Nitakwenda kijiweni kuwaambia wenzangu wakuache ufanye kazi. Ukisema nne bora, nitauliza mabao yatatoka kwa nani. Kinachotuudhi ni kuambiwa nne bora mwezi Agosti, halafu mwezi Januari tunasikia redioni kwamba nahodha ameaga.

Wapo watakaosema barua kama hii inawapa maadui cha kusema. Maadui wana vyao vya kusema, kila Jumatatu wanavisema. Sisi watu wa Coastal, Wagosi wa Kaya, tumezoea kuzungumza mambo ya nyumbani wazi, kwa maneno makali wakati mwingine, halafu tukala sahani moja. Watakaouliza maswali haya kwa hasira mwezi Machi ndio hao hao ambao leo wangeyasikiliza majibu kwa utulivu.

Nasubiri tarehe ya mkutano. Ukiitangaza mapema tutawaambia na wenzetu wa Muheza, Pangani na Korogwe, maana nao wanauliza.

Wasalaam,
Shabiki wa mzunguko,
Ngamiani, Tanga.