Pimeni uwezo wa mzee kabla ya kumficha funguo

Mhariri,

Mzee akikwangua bampa getini, watoto huanza kuhesabu miaka yake, na kesho yake funguo hazionekani. Miaka haiendeshi gari. Yanayoendesha ni macho, shingo, miguu na wepesi wa kuamua, na yote yanapimika.

Wengi huishia kusoma herufi za ukutani kwa umbali wa mita 6. Kipimo hicho hakigusi pembeni. Presha ya macho hula uoni wa pembeni bila maumivu, hivyo mzee husoma herufi vizuri tu na bado bodaboda inayopenya kushoto kwake "imetokea ghafla". Aombe kupimwa presha ya jicho na upana wa kuona. Mtoto wa jicho naye hutawanya mwanga. Kutoka Igoma, mashariki mwa jiji la Mwanza, kuja mjini saa kumi na mbili jioni, jua limemkabili na kioo kina vumbi, mwenye tatizo hili anaendesha kwa kubahatisha. Afute kioo ndani na nje, au arudi mapema.

Miguu: atembee mita 3, ageuke, arudi, upesi awezavyo bila kukimbia. Zikizidi sekunde 9, aonwe na mtaalamu. Hiyo si hukumu bado. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hula karibu mita 14 kila sekunde, na mguu mzito huchelewa kutoka mafuta kwenda breki. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayo ana hatari zaidi, maana hajui kakanyaga ipi. (Kandambili zibaki nyumbani, hata kwa vijana.)

Kuamua hupimwa kwa kalamu: aunganishe namba na herufi kwa zamu, 1-A-2-B, hadi 13. Dakika 3 zikipita, uchunguzi uendelee. Udhaifu huu hujitokeza hasa anapokata kulia, kwa kuwa lazima akadirie kasi ya magari yanayomjia.

Dawa zisisahaulike. Piriton ya mafua na amitriptilini ya sonona au maumivu ya neva huleta usingizi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi apime sukari kabla ya kuwasha gari. Ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale kwanza, apime tena.

Akishindwa giza, aache safari za usiku. Akishindwa kukata kulia, azunguke kwa kona za kushoto. Shingo isipogeuka, aongezewe vioo vya pembeni vipana. Funguo zichukuliwe pale tu ambapo marekebisho ya namna hii hayatoshi, tena baada ya daktari kuzungumza naye mwenyewe, si na watoto wake pembeni.

Wapimaji wa uwezo wa madereva,
Mwanza