Yule mliyemuua sio rakuni, ni fungo

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini maana hili jambo limenikaa moyoni tangu wiki ilopita. Kwenye group letu la WhatsApp la hapa kijijini, upande wa Mtama mkoa wa Lindi, vijana wamerusha video wanamkimbiza mnyama usiku kwa mbwa na tochi, wakampiga marungu mpaka akafa, halafu chini wameandika wameua rakuni. Basi komenti hazikuisha, huyu anacheka, yule anaogopa, mwingine anasema eti kaletwa na meli.

Jamani yule sio rakuni, yule ni fungo. Nina mikorosho na kuku miaka mingi, fungo nimekutana nae mara nyingi tu, na nakubali usoni wanafanana, wote wana weusi machoni kama wamefungwa kitambaa, mkia una mapete, wote watu wa usiku. Ila rakuni kwao Amerika Kaskazini, na kwingine aliko kapelekwa na binadamu, Ujerumani waliachiwa mwaka 1934 pale ziwa Edersee wakazaana mpaka imekuwa kero, 2016 Umoja wa Ulaya ukamuweka kwenye orodha ya viumbe wageni waharibifu. Rakuni ana vidole virefu kama vya mtoto, anapanda miti na anafungua mapipa ya taka. Fungo nyayo zake kama za mbwa, anatembea chini, tena ni mkubwa, anafika kilo 15 na kuzidi wakati rakuni wengi ni kilo 5 mpaka 9. Na ile harufu! Ni zabadi hiyo, inatoka kwenye tezi karibu na mkia, zamani watu wa pwani waliiuza ikatengenezewa manukato.

Nadhani vijana wameona video za Marekani. Kule majimbo mengi yanaruhusu kuwinda rakuni usiku na mbwa, lakini mwindaji ana leseni, kuna msimu, na kila jimbo lina masharti yake. Hapa kwetu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema mnyamapori ni mali ya umma, huwindi bila kibali, na kuwinda kwa mbwa, kumulika tochi, kutega nyaya, kuweka sumu vyote vimekatazwa. Yaani ile video waliyoirusha wenyewe ndio ushahidi wa kuwafunga, na mle ndani kuna watoto wa wenzetu kabisa, mmoja kamaliza darasa la saba juzi tu. Sheria inakuruhusu kuua mnyama ukiwa unajihami au unaokoa mali yako, lakini lazima utoe taarifa, na yule wa kwenye video alikuwa anakimbilia kichakani hana habari na mtu.

Watu wanasema anakula kuku. Ni kweli anakula, mwaka juzi alinimalizia vifaranga. Banda lilikuwa la fito na mlango umelegea, nikapiga wavu wa waya mpaka chini, kuku nikawa nawaingiza kabla ya magharibi, na mpaka leo hajachukua hata mmoja ingawa nyayo zake naziona shambani. Anafata panya, nyoka, jongoo hata wale wanaotoa maji yenye sumu, na matunda yaliyodondoka. Choo chake huwa sehemu moja hiyohiyo, mimi kwangu iko kando ya njia ya mtoni, ukichokoa na kijiti unakuta vipande vya jongoo na mbegu kibao, mvua zikianza hapohapo inachipua miche ambayo hakuna aliyeipanda. Huyo ndio tunampiga marungu ili tupate video.

Kingine kinachonitisha ni kichaa cha mbwa. Kwenye video kuna kijana kamshika mkia kwa mkono mtupu na mbwa wanamtafuna. Ugonjwa huu huku Lindi na Mtwara haupo kwa mbwa peke yao, mbweha wanauambukiza sana, na fungo na nyegere nao wanaweza kuupata. Ukikutana na mnyama wa usiku anazurura mchana na hakuogopi, kaa mbali. Akikuuma au akikulamba penye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe sindano, usisubiri dalili maana zikishatokea hakuna dawa. Wale vijana nimewatafuta nikawaambia mbwa wao wachanjwe, wawili wamenielewa, wa tatu bado.

Mhariri kama mna picha nzuri ya fungo naomba mtuchapie kubwa, na chini yake muweke namba ya simu ya maafisa wanyamapori. Nitaikata niibandike kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu huu wa korosho kila mtu atapita pale.

Mkulima, Mtama, Lindi